Je, wajua kwa nini umbo la chembe ya dawa ndo linaamua kama itafika inakotakiwa?

Wengi wakisikia dawa za nanoteknolojia wanadhani kazi yote ni kutengeneza chembe ndogooo, afu unaiachia kwenye damu ijitafutie njia. Hata mi nilidhani hivo. Kumbe udogo peke yake hautoshi, na kuna mahali unaharibu kabisa.

Tuanze na damu yenyewe. Damu sio maji, karibu nusu ya ujazo wake ni seli nyekundu, zina upana wa kama mikromita 8 (mikromita ni milimita ukiigawa mara elfu) na ni laini, zinajikunja. Sasa kitu laini kikipita karibu na ukuta wa mshipa, mkondo unakisukuma kuelekea katikati, ndo maana seli nyekundu zinajazana katikati na pembeni kunabaki kijitabaka cha majimaji matupu. Chembe sahani, zile zinazoziba kidonda, ni ndogo (mikromita 2 au 3 hivi) na ni ngumu kuliko seli nyekundu, basi zinagongwagongwa wee mpaka zinatupwa pembeni, na huko ndo penye kazi yao maana mshipa ukipasuka ni ukuta uliopasuka.

Chembe ya dawa nayo mara nyingi inatakiwa huko huko ukutani. Unaweza kuipaka molekuli za kunasia seli za mshipa wenye ugonjwa, lakini kama inapita katikati haigusi chochote, kinasio hakina maana. Hapo ndo chembe ya nanomita 100 (nanomita elfu moja ndo mikromita moja) inaposumbua: ni ndogo mno, inajipenyeza kati ya seli nyekundu na kusafiri nazo badala ya kusukumwa pembeni. Ya mikromita 2 au 3 inafika ukutani vizuri zaidi, ila ikishafika ni kubwa mno kupenya kutoka nje ya mshipa. Ongeza ukubwa tena, ikiwa ngumu inakwama kwenye kapilari, vile vijishipa vyembamba kabisa, za mapafu. Punguza mpaka chini ya kama nanomita 6, figo zinaichuja inatoka na mkojo. Yani kila upande kuna mlango unafungwa.

Umbo sasa, na hapa ndo mi napapenda. Chembe ya duara kama mpira kwenye mkondo mtulivu inajizungusha tu kwenye njia yake, haina cha kuihamisha. Kijiti au kisahani kinapinduka pinduka, na kila kikipinduka nguvu za mkondo zinabadilika kwa hiyo kinayumba, mara kinasogea ukutani, na kikinasa kikalala bapa kina eneo kubwa la kushikia na mkondo haupati pa kukisukumia. Tena makrofaji, zile seli walaji, zinashindwa kumeza kijiti zikikigusa ubavuni. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chembe laini ndefu kama nyuzi zinakaa kwenye damu ya panya mpaka wiki nzima, za duara za aina hiyo hiyo hazikukaribia hapo.

Ulaini nao una mambo yake. Bandama lina vinyufa vyembamba sana, seli nyekundu ikizeeka ikakakamaa inanaswa hapo, na chembe ngumu ya dawa ni hivo hivo. Basi tuifanye laini? Sawa itapita, lakini si tumesema kitu laini kinasukumwa katikati. Unatatua hili unaharibu lile.

Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ni kijipovu cha mafuta cha kama nanomita 100 chenye dawa ya saratani ndani, kimevalishwa nyuzi za polima ili protini za damu zisikigande haraka na kukichongea kwa walaji. Inategemea mishipa ya uvimbe wa saratani kuwa na matundu ya kuipitisha. Lakini uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliopitia majaribio mengi kwa wanyama ulikuta kwamba kwa kawaida ni kama asilimia 0.7 tu ya chembe zilizochomwa ndo zinafika kwenye uvimbe, nyingi zinaishia kwenye ini na bandama.

Kuna walioamua kutopigana na ini kabisa. Onpattro, iliyoidhinishwa mwaka 2018, inatibu ugonjwa unaoharibu neva kwa sababu ya protini inayotengenezwa kwenye ini, kwa hiyo chembe yake inaachwa ivikwe protini ya damu inayobeba mafuta, na seli za ini zinaivuta ndani zenyewe.