Dendrima na fuwele kimiminika: mambo yanayoeleweka ndivyo sivyo

Wengi wanaamini molekuli ya kutengeneza fuwele kimiminika (kitu kinachotiririka kama kimiminika huku molekuli zake zina mpangilio kiasi kama fuwele) lazima iwe kijiti kirefu kigumu, basi ukitaja dendrima, yaani molekuli yenye kiini katikati na matawi yanayogawanyika tena na tena kwenda nje, unaambiwa lile ni dude la mviringo, litajipangaje? Sio kweli. Tangu 1977 Chandrasekhar na wenzake kule Bangalore, India, walishaonyesha hata molekuli bapa za duara zinajipanga nguzo nguzo.

Halafu dendrima sio gololi ngumu, inanyumbulika. Ukifunga mesojeni (vile vijiti vinavyopenda kulala sambamba) kwenye ncha za matawi, kiini kinabanwa na kubadilika umbo ili mesojeni zilale zinavyotaka, ndo unapata matabaka, fezi (hali ya mpangilio) inayoitwa smektiki.

Inayoniuma zaidi ni hii ya ati bila mesojeni hakuna kitu. Mkemia Virgil Percec na timu yake Marekani walichukua dendroni, tawi moja la dendrima, lenye mikia mirefu ya kaboni ukingoni, hamna kijiti popote! Kazi yote inafanywa na umbo na kutopatana, sababu pete za benzini zilizo ndani ya dendroni na ile mikia hazipendi kuchangamana kwa hiyo kila upande unajikusanya na wa kwake. Dendroni ikiwa bapa na nyembamba upande mmoja, zinakaa duara kama vipande vya keki, duara zinapandana zinakuwa nguzo. Ikiwa koni zinafunga tufe, na matufe yanajipanga kikyubiki, yaani kimchemraba. Yaani ukibadili tu idadi ya mikia au inaposhikia kwenye pete, fezi inaweza kubadilika kabisa, na kwangu huo ndo utamu wa kubuni hizi molekuli. 2004 Zeng, Ungar na Percec na wenzao wakaripoti matufe yaliyojipanga kwa ulinganifu wa mara 12 (ukizungusha sehemu moja ya 12 ya duara unaona umbo lilelile), mpangilio usiojirudia, kwasifuwele ya kimiminika kabisa.

Na kizazi kikubwa (kila matawi yakigawanyika tena ni kizazi kingine) sio lazima kiwe bora. Kwenye dendrima za kabosilani (zilizojengwa kwa silikoni na kaboni) zenye sianobifenili, mesojeni mojawapo, nchani, vizazi vya chini vinatoa smektiki, ila kizazi cha 5 chenye ncha 128 kinageukia nguzo, maana ncha zimebanana mno matabaka bapa yanashindikana. Ukitaka smektiki, usikimbilie kuongeza vizazi.