Uuguzi au Ualimu: Kabla ya Kujaza Fomu, Itazameni Kazi Yenyewe

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, benchi lililo nje ya ofisi yetu ya ushauri na udahili hapa Moshi halikauki watu. Asubuhi wanashuka na daladala za Uru, Kibosho na Marangu, wengine wanatoka Rombo na Siha. Swali ni lile lile: "Mwalimu, mtoto asome uuguzi au ualimu?" Kabla sijajibu linafuata la pili: "Ipi ina ajira?"

Nimeombwa niandike kwa umma kwa sababu malalamiko yameongezeka. Wapo wazazi waliotoa fedha kwa watu wa kati walioahidi nafasi za chuo. Wapo pia vijana wanaoacha masomo mwaka wa kwanza, ada imeshalipwa, kwa kuwa kazi waliyoikuta siyo waliyoifikiria. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, maana hakuna kituo cha polisi cha kulipeleka.

Tumalizane kwanza na ajira. Enzi za kumaliza chuo Juni na kupangiwa kituo Septemba zimekwisha, kwa kada zote mbili. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, maombi yanapita katika mfumo wa Ajira Portal, na sasa walimu nao wanaitwa kwenye usaili kama kada nyingine. Wauguzi wapo wanaosubiri, walimu wapo wanaosubiri. Atakayekuambia kwamba moja ya kozi hizi ina ajira ya uhakika anakuuzia kitu. Kwa hiyo swali la ajira halitawasaidia kuchagua kati ya hizi mbili, na naomba lisiwe la kwanza.

La kwanza ni kazi yenyewe. Muuguzi huanza zamu kwa kukabidhiwa wagonjwa: nani ameanza homa, nani hajapata mkojo tangu jana, nani anapelekwa chumba cha upasuaji. Kisha anapima, anatoa dawa kwa saa yake, anasafisha kidonda, anabadilisha shuka, anamgeuza aliyepooza kila baada ya saa 2 hivi ili asitoke vidonda vya mgandamizo. Kila alilofanya analiandika, kwa sababu wodini kisichoandikwa huhesabika hakikufanyika. Usiku ni hivyo hivyo. Ndugu wa mgonjwa watamfokea kwa kosa ambalo si lake. Na siku moja, pengine akiwa bado mwanafunzi, mgonjwa atakata roho mbele yake. Atamwandaa marehemu kwa heshima, atanawa mikono, ataenda kitanda kinachofuata na uso uliotulia.

Vijana huniuliza kama kuogopa damu kunamwondoa mtu. Hapana. Woga huo hupungua kwa wengi baada ya majuma machache ya mazoezi. Mimi huuliza kitu kingine: daftari lako la hesabu likoje? Dawa ya mtoto hupigwa hesabu kwa kilo za uzito wake, na nukta ya desimali ikihama, 0.5 ikawa 5, mtoto amepewa dozi mara kumi. Kijana mwenye huruma nyingi lakini mzembe wa vitu vidogo ni hatari wodini. Wazazi wengi huniambia "binti yangu ana huruma sana", wakadhani wamemaliza.

Mwalimu yuko kwingine kabisa. Uwiano unaolengwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na wote tunajua madarasa yanayopita hapo. Ana azimio la kazi, ana andalio la somo, ana rundo la madaftari linalomfuata nyumbani. Somo lile lile atalifundisha mkondo A, kisha B, kisha C, na wa mkondo C wana haki ya kulisikia kana kwamba ni jipya. Homa ya mgonjwa ikishuka alfajiri, muuguzi huiona kwenye kipimajoto. Mwalimu anaweza kufundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, tangu Jumatatu, na Ijumaa theluthi ya darasa bado wanajumlisha namba za juu na za juu, za chini na za chini. Jumatatu inayofuata anarudi ubaoni na kuanza upya kwa njia nyingine, bila hasira. Anayetaka kuona matunda ya jasho lake jioni ile ile atateseka katika ualimu.

Ndiyo maana huwaambia hivi: muuguzi hukutana na mtu mmoja mmoja katika saa yake mbaya, mwalimu hukaa na watu wengi katika siku zao za kawaida, tena miaka mingi. Kijana ajiulize wapi hachoki haraka. Na ajijaribu kabla ya fomu. Kwenda hospitali za hapa mjini, KCMC au Mawenzi, saa ya kuona wagonjwa hakutoshi, kwa sababu saa hiyo wodi imeshapigwa deki na kila mtu amefunikwa shuka. Muuguzi mnayeishi naye mtaa mmoja, mwulizeni maswali asubuhi anapotoka zamu ya usiku. Kama bibi anaugua pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, kijana amuuguze wiki mbili kikamilifu, pamoja na kumwogesha na kumsaidia chooni. Na anayefikiria ualimu achukue watoto wa mtaani kwake wanaoshindwa kusoma, au darasa la Jumapili, au la madrasa, afundishe likizo nzima. Akiona wiki ya tatu inamvuta, tuna pa kuanzia.

Wapo wanaovutwa pande zote mbili. Hao huwatajia Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu: watoto wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili. Na muuguzi akijiendeleza anaweza kuwa mkufunzi wa wauguzi.

Sasa yale ninayoyasikia kila mwaka. Uuguzi si wa wasichana peke yao. Wodi za wanaume zinahitaji wauguzi, na za wanawake pia zina wauguzi wanaume wazuri. Uuguzi si daraja la kupitia kwenda udaktari. Na ualimu si pa kumpeleka aliyefeli. Naelewa fikra hii ilikotoka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie darasani kwa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kufundisha vijijini, na wengi walifanya kazi kubwa kwa walichokuwa nacho. Leo stashahada ya ualimu inadai ufaulu wa daraja la I hadi la III. Mzazi anayekuja na daraja la nne akisema "basi mwekeni ualimu" ananikosea mimi, na anawakosea watoto watakaofundishwa.

Upande wa uuguzi kikwazo kikubwa ni Fizikia. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka angalau alama za ufaulu 4, yaani D nne kwenda juu, katika masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kila mwaka anakuja binti mwenye C ya Baiolojia aliyeiacha Fizikia kidato cha tatu kwa sababu ilikuwa ngumu. Hapo ushauri wangu hauna nguvu tena. Inabidi arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wenye watoto kidato cha pili, uamuzi huu mnaufanya sasa, si baada ya matokeo.

Utaratibu wa maombi ni huu, na naomba usomwe polepole. Vyuo vya afya vya serikali huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Vyuo vya afya vya binafsi huombwa chuoni moja kwa moja, kisha chuo hupeleka majina NACTVET kuhakikiwa. Vyuo vya ualimu vya serikali hutangazwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia na huombwa kwa mfumo wake. Katika njia zote hizo hakuna mahali pa mtu wa kati. Kabla ya kulipa ada, hakikisheni chuo kimesajiliwa na kozi hiyo hasa ina ithibati, kwa maana chuo chaweza kusajiliwa kwa kozi nyingine. Mwanafunzi ambaye jina halikuhakikiwa anaweza kusoma mwaka mzima na kugundua wakati wa mitihani kwamba hatambuliwi.

Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Yakitofautiana, tafuteni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Msingoje siku ya usaili. Karatasi ya matokeo si cheti na kwenye usaili haipokelewi. Waliosoma Kenya, na hapa mipakani kwa Holili, Tarakea na Namanga ni wengi, lazima vyeti vyao vipate ulinganifu NECTA, yaani vilinganishwe na vya hapa nchini. Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo tangu mwaka wa masomo 2023/24 hutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya na ualimu. Someni mwongozo wa mwaka husika.

Cheti cha kughushi kisifikiriwe hata kwa utani. Aprili 2017 uhakiki uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, na adhabu ya kughushi inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Muuguzi hafanyi kazi bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni huhuishwa. Mwalimu yuko chini ya maadili ya taaluma yake, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ninayataja kwa sababu kazi zote mbili zinakabidhiwa watu wasio na nguvu ya kujitetea, na sheria imezifunga kwa sababu hiyo.

Mkija ofisini kwetu, njooni na kijana mwenyewe, na vyeti halisi. Tutamwomba mzazi asubiri kwenye benchi robo saa tuzungumze naye peke yake. Baadhi ya wazazi hukasirika. Tunawaelewa, mna uchungu na fedha na mna uchungu na mtoto. Lakini robo saa hiyo ndimo mara nyingi tunapomsikia kijana akitaja, kwa mara ya kwanza, kazi anayoitaka yeye.