Vifaa vya darubini vya mitumba: anza na tochi

Watu wanaoniletea vifaa vya mitumba vya darubini za kutazamia nyota hapa Tanga huuliza kwanza kama vitaingia kwenye kamera yao. Mimi huwasha tochi kwanza. Zima taa ya chumba, mulika lenzi kwa ubavu, nawe utaona kama ndani kuna ukungu: nyuzi nyembamba za kijivu zinazotambaa kutoka ukingoni. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na ukungu wa lenzi hustawi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70. Chumvi ya bahari nayo hula skrubu. Ndiyo maana kifaa kilichofungiwa kabatini mtaa wa Raskazone, karibu na bahari, ndani ya mfuko wake wa ngozi, huharibika upesi kuliko kilichoachwa rafuni penye upepo.

Ukungu mchanga hutoka. Puliza vumbi, pitisha pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda, halafu malizia kwa alkoholi ya isopropili. Usifute kwa upindo wa kanga wala fulana, hata kama imefuliwa. Chembe moja ya mchanga inatosha kuchora kioo. Ukifungua lenzi ya jicho, ile unayochungulia, tia alama ya penseli kwenye ukingo wa kila kioo kuonyesha upande uliokuwa juu, maana kioo kikirudishwa kinyume picha haikai sawa tena. Ukungu uliokwisha kula utando wa kioo huacha makovu yasiyofutika. Yakiwa kwenye kioo cha mbele cha lenzi ya kamera hayadhuru sana. Yakiwa kwenye kioo cha nyuma, karibu na sensa inayopokea picha ndani ya kamera, yanaonekana pichani, na lenzi hiyo naikataa.

Kipo kitu kimoja ambacho sikitengenezi kabisa. Darubini nyingi ndogo za zamani ziliuzwa pamoja na kichujio cheusi cha jua, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Hapo ndipo joto lote lililokusanywa na darubini hufikia, na kioo hicho huweza kupasuka jicho likiwa papo hapo. Mtu anaweza kupofuka moja kwa moja. Ukikikuta, kiponde kwa nyundo. Ukikitupa kizima, mtoto atakiokota jalalani. Kichujio salama cha jua hufungwa mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia.

Sasa kamera. Lenzi za jicho za darubini ndogo za Kijapani za zamani zina kipenyo cha milimita 24.5; nyingi za siku hizi zina 31.7. Fundi wa kukereza vyuma atakuchongea pete ya alumini ya kuunganisha saizi hizo mbili. Panapowaponza wengi ni kwenye pete za milimita 42 za kufungia kamera. Pete ya darubini ina meno ya skrubu yaliyoachana milimita 0.75, lakini lenzi za kamera za zamani za Kisovieti kama Zenit zina meno ya milimita 1. Zitashikana kidogo kisha zikwame, na ukilazimisha utaziua zote mbili.

Lenzi hiyo ya Zenit, ikishasafishwa, inatosha kupiga anga. Tatizo ni kwamba dunia inazunguka: kwa lenzi ya milimita 50, baada ya sekunde 10 hivi nyota huanza kuwa mistari. Tengeneza ubao wa kufuata nyota, wa kubebea kamera. Unataka mbao mbili, bawaba, na bolti ya M6 (unene wa milimita 6) yenye meno yaliyoachana milimita 1. Bolti ikae milimita 229 kutoka kwenye bawaba, uizungushe robo mzunguko kila sekunde 15, na mbao zitaachana kwa mwendo uleule wa dunia.

Maelekezo mengi yameandikiwa watu wa kaskazini, wanaolenga Polaris, nyota inayoonyesha kaskazini. Sisi hatuna nyota hiyo ya kulengea. Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta, basi bawaba ielekee kusini na ncha yake ya kusini iinuke digrii 5 tu. Kwa ubao wa sentimita 30 hiyo ni kabari ya milimita 26. Sawazisha kwanza kwa pimamaji la mwashi, ndipo uweke kabari. Usiku wa manane mwezi Juni, kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani, kinakuwa juu upande wa kusini; piga picha ya kwanza kwa sekunde 60, uikuze na kukagua nyota za pembeni kabla hujapiga nyingine.