Kaka, hicho kisu kikubwa hakitakusaidia Meru

Jamani imetokea tena. Nimewatumia vijana wa Dar orodha ya vitu vya kubeba wakija kupanda Mlima Meru, huu wa Arusha, nimeandika tochi ya kichwani na betri za akiba, koti la mvua la kweli, nguo za joto za kubadilisha, filimbi, maji, chumvichumvi za kunywa, na swali la kwanza kuingia, kabla hata mtu hajauliza baridi ikoje, ni "mwalimu mbona kisu hakipo?" Ikafuata na picha. Kisu kirefu, mgongoni kina meno ya msumeno, kwenye mpini kuna dira, ukifungua mpini ndani unakuta uzi na ndoano za kuvulia samaki. Samaki wa wapi Meru, hebu nisaidieni.

Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Mimi mwenyewe natembea na kisu, tuelewane hapo. Kidogo cha kukunja, makali yake hayafiki urefu wa kidole changu cha kati, nakatia parachichi, nakatia tepu ya malengelenge, nakatia fundo la hema likigoma. Kisu sina ugomvi nacho. Nachogombana nacho ni hii imani kwamba mambo yakiharibika porini kisu ndo kitu namba moja, ukiwa nacho umepona, ukikikosa umekwisha. Imetoka YouTube hii. Wale jamaa wa Sweden na Kanada wanapasua magogo kwa kisu, wanachonga vijiti mpaka vinakuwa manyoya, wanajenga kibanda, jioni moto unawaka na kahawa juu. Ufundi mzuri sana, hata mimi naangalia nikikosa usingizi. Ila yule mtu yuko kwenye msitu wa misonobari, kuni kila kona, na amekwenda pale makusudi kuchonga vijiti. Hajapotea. Hajalowa. Kamera ameitegesha mwenyewe.

Meru sasa. Unaanzia geti la Momella na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu kule chini kuna nyati. Na huyo askari mwenye bunduki na mafunzo yake, akiona nyati njiani anachofanya kwanza ni kuwasimamisha wote mnyamaze, msubiri. Sasa wewe na kisu chako ulikuwa unapanga kumfanya nini? Unalala kambi ya Miriakamba kwenye mita 2,500 hivi, kesho yake Saddle Hut mita 3,570, na kutoka hapo kwenda kileleni mita 4,566 ni mawe na majivu ya volkano, hakuna mti wa kukata hata ungekuwa na shoka. Na pale penye miti ni hifadhi, hukati tawi na huwashi moto unapojisikia. Wanaodhani hizo sheria ni usumbufu tu wakumbuke Kilimanjaro Oktoba 2020, mlima uliwaka siku kadhaa na sisi wa Moshi usiku tunauona moto, halafu Oktoba 2022 ukawaka tena upande wa Karanga. Kwahiyo mpango mzima wa "nitakata matawi nijenge kibanda niwashe moto" kwenye milima yetu umekufa kabla hujatoa kisu kwenye ala.

Kinachoumiza watu kweli hakina sura nzuri ya kuwekwa kwenye video. Baridi, mvua, giza. Huku karibu na ikweta jua likizama saa kumi na mbili na nusu halikubembelezi, nusu saa baadaye huoni mguu wako, na mtu aliyeacha tochi kwa sababu "tutarudi mapema" anaanza kushuka kwa mwanga wa simu yenye asilimia kumi na mbili. Joto linashuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, ongeza upepo, ongeza jinzi iliyolowa, unapata mtu anajikwaa kwenye njia nyeupe, anamung'unya maneno, anakwambia yuko poa kabisa. Mtihani wangu mimi ni zipu. Mwambie afunge zipu ya koti lake. Akishindwa, hiyo ni dharura, mvue nguo mbichi, mvike kavu, mkinge na upepo, mpe kitu cha sukari kama bado anameza vizuri. Sasa mtu ambaye vidole vimekufa ganzi mpaka zipu inamshinda, wewe unataka umpe kisu achonge vijiti vya kuwashia moto? Atachonga mkono.

Ugonjwa wa mwinuko, ule wa kupanda juu mwili ukakosa oksijeni ya kutosha, sitaongea sana, kila anayepanda ameshahubiriwa. Mapafu yakianza kujaa maji au ubongo kuvimba, unashuka, usiku huohuo, usisubiri kukuche. Kule Kilimanjaro kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo. Kisu hakina nafasi hapo. Maji nayo: Hell's Gate kule Naivasha, Septemba 2019, mvua ilinyesha juu, mafuriko yakashuka ghafla kwenye korongo, watu 7 wakafa, na 2012 ilikuwa hivyohivyo, vijana 7. Kwenye korongo kinachokuokoa ni kuangalia mawingu ya kule mto unakotoka na kukubali kughairi, hata kama mmeshalipa kiingilio.

Halafu lazima atokee mjuaji mmoja, "na yule Mmarekani aliyejikata mkono je?" Sawa, tumwongelee. Aron Ralston, Aprili 2003, Bluejohn Canyon kule Utah, jiwe likambana mkono wa kulia, akakaa siku 5, mwishowe akajikata akatoka mzima. Mwanaume shupavu, sibishi. Lakini soma habari yote. Kifaa chake kilikuwa cha bei rahisi na butu, mfupa hakiwezi, ikabidi auvunje mwenyewe kwanza kwa kujipinda ndo akate nyama. Na kwanini zipite siku 5 hakuna mtu amefika pale? Kwa sababu hakumwambia mtu yeyote anakwenda korongo lipi. Meseji moja tu. "Naenda mahali fulani, nisipokupigia kesho jioni piga kelele." Watu wanasikia kisa hiki halafu wanakwenda kununua kisu!

Sasa tuje kwenye kinachonipandisha presha kweli kweli, nyoka.

Ukimbana mtu wa kisu akwambie dharura gani hasa anayoiwaza, ukitoa simba na nyati, atakwambia nyoka. Anataka achane pale palipong'atwa atoe sumu, afyonze ateme. Yaani amebeba kisu kwa safari nzima akisubiri nafasi ya kufanya jambo baya kuliko yote. Usichanje chale. Usifyonze. Sumu haikai pale kwenye tundu la jino ikikusubiri, imeshaingia kwenye nyama na ukichana unachotoa ni damu. Na nyoka wetu wengine, kifutu mmojawapo, sumu yao inavuruga damu yenyewe isigande vizuri, kwahiyo kidonda ulichomtengenezea mwenzako kinaweza kuvuja na kuvuja na sasa una majanga mawili, la nyoka na la kwako. Hapo sijataja kano za vidole na mishipa ambayo hujui imepita wapi, wala huo uchafu wa parachichi la mchana kwenye kisu. Lile jiwe jeusi la kubandika nalo liache nyumbani. Najua babu alilitumia na aliyeng'atwa akapona. Wengi wanaong'atwa wanapona kwa sababu nyoka hakuingiza sumu ya kutosha, au hakuwa na sumu kabisa, jiwe linachukua sifa za bure. Na kamba ya kukaza juu ya jeraha ndo usiniambie, watu wanafika hospitali mguu umeshakuwa mweusi na ni kamba iliyoua mguu, sio nyoka.

Cha kufanya kinachosha kukieleza maana hakina ushujaa. Ondoka alipo nyoka, usimfukuze kumpiga picha. Vua pete, saa, bangili, kiatu, kabla kuvimba hakujaanza. Kiungo kitulie, ukifunge gango, yaani ubao au kijiti cha kukituliza, kana kwamba kimevunjika. Mgonjwa asitembee kama kuna namna yoyote ya kumbeba. Angalia saa, andika. Na piga simu hospitali kabla hujafika kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, maana haipo kila mahali, unaweza kukimbia masaa mawili kwenda pasipo na kitu. Shirika la Afya Duniani liliingiza kung'atwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, sisi huku wala hatukushangaa.

Na hapa niseme ukweli ambao kwenye kozi huwa tunaupitia harakaharaka. Bandeji ya kukandamiza. Kitabu kinasema vizuri kabisa: koboko na wenzake ambao sumu yao inalemaza pumzi, funga kiungo chote bandeji pana, ikaze kama ya mtu aliyeteguka, sumu ichelewe. Kifutu na swila mtema mate usifunge, maana sumu yao inaozesha nyama na ukiibana mahali pamoja inaharibu zaidi. Safi. Sasa niambie, mtu kang'atwa saa tatu usiku akienda kujisaidia, amehisi mchomo, amesikia majani, basi. Nyoka gani? Ukisubiri dalili, kope zikaanza kulegea, kumeza kukawa shida, ndo ujue ni koboko, muda ambao bandeji ingefaa zaidi umeshapita. Ukiwahi kuifunga na kumbe alikuwa kifutu, umemuongezea. Mimi kama hospitali iko mbali na uvimbe na maumivu makali havijaanza, huwa naegemea kufunga, na nikiona uvimbe unakuja kwa kasi siifungi. Nimewauliza madaktari kadhaa, wamenijibu tofauti. Sina jibu safi hapo, na anayekwambia analo muulize mara ya mwisho alilala wapi porini. Nachokijua kwa uhakika ni kwamba pumzi ikilegea unampulizia mdomo kwa mdomo mpaka mnafika, hata kama ni masaa, maana mwenye sumu ya koboko mapafu yake ni mazima, misuli ndo imegoma.

(Kwa watu wa Meru, msipagawe, kule juu kwa baridi ile nyoka sio wasiwasi wangu mkubwa. Haya nawaambia zaidi wanaokwenda Udzungwa, Usambara, Pugu na misitu ya chini.)

Kuna hoja moja huwa inanibana kidogo, nayo ni "mbona Mmasai hatoki bila sime?" Kweli hatoki. Lakini sime kwake ni kifaa cha kila siku, anakata miiba ya boma, anachinja, anasafisha njia, ameishika tangu mdogo na mkono wake unaijua. Na wewe umeangalia sime peke yake, hukuangalia shuka. Morani akikwama nje na mvua, shuka ndo inafanya kazi, na kule kuijua nchi, anajua maji yako wapi na boma la jirani liko upande gani. Ukitaka kuiga, anza na shuka.

Je kuna siku kisu kinasaidia kweli? Zipo. Kukata suruali uone jeraha, kukata kamba ya begi iliyombana mtu, kukata shuka uipate bandeji ya mkono. Ila kwa karibu yote hayo mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu, ni bora, maana unakata nguo juu ya ngozi ya mtu anayetetemeka bila kumtoboa. Mkikosa vyote wembe wa dukani kwenye karatasi yake unatosha. Wala vitu vyangu mwenyewe sivisifii vyote. Filimbi kwenye upepo mkali haisikiki mbali kama tunavyopenda kusema, bado naibeba kwa sababu sauti yako itakauka kabla yake, piga mara tatu, pumzika, rudia. Lile blanketi jembamba la fedha huwa linachanika kwenye upepo dakika za mwanzo tu, naliandika kwenye orodha nusu kwa mazoea, ukipata lile la kushonwa kama gunia unaloingia ndani ndo la maana. Na kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kile kisicho na jiwe, juu kule huwa kinagoma, chukua cha jiwe na njiti kavu ndani ya kichupa, kwa ajili ya jiko.

Mwisho, kwa ambaye amesoma yote haya na bado anataka kununua, basi nunua kidogo chenye kufuli, kile kisichokurudia vidoleni ukikigandamiza, kiwe na makali kweli maana kisu butu ndo kinachoteleza na kukata watu, na sitaki kukiona kimening'inia kiunoni unapanda kwenye mawe na kuanguka anguka. Na mnaokuja kwa ndege kutoka Dar, kiwekeni kwenye begi la kupakiwa, sio la mkononi, wale wa ukaguzi pale uwanjani hawana muda wa kusikiliza habari zako za dharura porini.