Maana ya “haijathibitishwa kisayansi”

Maneno haya yanasikika huku Goma, mashariki mwa Kongo, kila mahali: redioni, hospitalini, kilioni wanaume wakikaa kando na kubishana. Mmoja anasema marehemu alilogwa, au kwamba mufumu (mganga wa kupiga ramli) wa kartye, yaani mtaa, fulani anaona vilivyofichwa. Mwingine anamkata: hilo halijathibitishwa kisayansi. Ubishi unaishia hapo, kila mtu akiamini ameshinda.

Kumbe kauli hiyo moja inafunika hali nne zisizofanana. Pengine dai halijapimwa hata siku moja. Pengine limepimwa na hakikuonekana kitu. Pengine limepimwa likaanguka waziwazi. Au limesukwa kwa namna ambayo hakuna kipimo kinachoweza kuligusa. Anayetumia kauli hiyo bila kusema ni hali ipi bado hajasema kitu.

Hali ya kwanza ina mfano wake chini ya miguu yetu. Upande wa Mugunga, Bulengo na Lac Vert kuna mabonde madogo katika mawe ya volkeno ambamo watu na mbuzi hukutwa asubuhi wamekufa, bila jeraha wala alama. Ndiyo mazuku. Wakaaji walijua mahali penyewe, walijua saa, walijua kwamba mtoto hutangulia kuanguka kabla ya mtu mzima. Yote hayo yalikuwa kweli. Kilichokosekana ni sababu, na nafasi yake ikashikwa na pepo. Vipimo vilipokuja vilionyesha dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka kwenye nyufa za ardhi. Hewa ya kawaida ina gesi hiyo kiasi cha asilimia 0.04. Ikifika asilimia 4 maisha yako hatarini, na ikipita 10 mtu anazimia ndani ya dakika chache. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara 1.5, kwa hiyo inatuama bondeni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda, inatawanyika. Ndiyo maana aliyekwenda kukagua mchana alirudi akisema hakuna kitu, na jirani yake akajibu kwamba pepo hawatoki mchana. Wote wawili walikuwa wameona vizuri.

(Kwa anayeishi huko: mshumaa si kipimo cha kutegemea. Unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamwangusha mtu. Na usiteremke kumwinua aliyeanguka; anayeinama anaingiza kichwa chake mahali gesi ilipo nzito zaidi. Kama kuna kamba, mvute ukiwa juu.)

Mazuku yaliingia katika sayansi kwa sababu yanajibu kwa namna ileile kila anayekwenda na chombo, awe anaamini pepo au haamini, leo au mwakani. Dai lenye tabia hiyo linapimika hata kama mwanzoni linaonekana la ajabu.

Sasa mufumu anayeona vilivyofichwa. Hili nalo linapimika, na halihitaji maabara. Bidoni (madumu) 10 zinatosha, zilizofungwa na kupangwa mstari mmoja, na noti moja ndani ya bidoni mojawapo. Namba ya bidoni ichaguliwe kwa kuokota kikaratasi kimoja kati ya 10 vilivyokunjwa, wala si kwa kufikiri, maana mtu akiachiwa achague atakimbilia 3 au 7 na kuacha za pembeni. Anayeficha aondoke kabla mufumu hajaingia, na anayebaki kuandika majibu asijue noti iko wapi. Mizunguko iwe 10, vikaratasi vikirudishwa na kuchanganywa kila mara. Kabla ya yote ufanyike mzunguko mmoja wa wazi: mufumu aonyeshwe noti ilipo, aseme kama uwezo wake unafanya kazi mahali hapo siku hiyo. Jibu lake liandikwe. Bila hatua hiyo, akishindwa atasema mizimu ilikataa mahali hapo, na kazi yote itakuwa bure.

Kwa kubahatisha tu atapata mara 1 kati ya 10. Nafasi ya kupata mara 5 au zaidi kwa bahati ni kama asilimia 0.16, yaani mtu mmoja kati ya watu 600 hivi. Kiwango cha kufaulu kiafikiwe na kuandikwa kabla ya kuanza. Kikiwekwa baadaye, kila tokeo litageuka kuwa ushindi.

Mahali ambapo majaribio haya huharibikia zaidi ni uso wa msaidizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Berlin kulikuwa na farasi aitwaye Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba muulizaji akiwa hajui jibu, na farasi naye halijui; dai likaanguka waziwazi, ndiyo hali ya tatu. Hans alikuwa akisoma mwendo mdogo wa kichwa cha muulizaji, na mwenye farasi mwenyewe hakujua kwamba anautoa. Hapakuwa na udanganyifu wowote, na kwa macho yetu hilo ndilo funzo gumu zaidi la kisa hicho: mtu mwaminifu kabisa anaweza kuvujisha jibu. Mufumu anayekushika mkono na kukuuliza polepole kuhusu mwizi wako anapokea mengi kwako kuliko unavyodhani.

Kosa la pili ni kuhesabu waliofaulu peke yao. Kwenye chumba cha maombi aliyepona anapewa mikrofoni; aliyezikwa hana ushuhuda wa kutoa. Hata vyuo vikuu haviponi katika mtego huu. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000, akisema watu huhisi jambo kabla halijatokea. Majaribio 8 yalivuka kizingiti kilichozoeleka, kile kinachokubali bahati mara 1 kati ya 20. Mwaka uliofuata watafiti watatu wa Uingereza walirudia mojawapo, kila mmoja mahali pake, na hawakupata kitu.

Hii ndiyo hali ya pili. Je, hapo imethibitishwa kwamba uwezo huo haupo? Hapana, na huu ndio mpaka ambao wapenzi wa sayansi huusahau. Ukijaribu mara 300 bila kuona kitu hata mara moja, hesabu inakuruhusu kusema tu kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, jambo hilo halitokei zaidi ya mara 1 kati ya 100. Ukijaribu mara 3,000, mara 1 kati ya 1,000. Pengo linapungua bila kufikia sifuri. Kisichoonekana kinakuwa ushahidi wa kutokuwepo pale tu ambapo, kama kingekuwepo, kipimo hicho kingepaswa kukiona.

Labo (maabara ya hospitali) inafuata kanuni hiyohiyo. Karatasi ikiandikwa “hakuna” haina maana kwamba mwilini hamna sumu ya aina yoyote. Ina maana kwamba kitu kilichotafutwa hakikuonekana juu ya kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kutambua. Hakuna kipimo cha “sumu zote”. Kila moja ina njia yake ya kutafutwa, na nyingine hutoka mwilini kabla damu haijatolewa.

Katika mwanya huo ndimo inamoishi karuho, ile sumu ya polepole inayosemwa sana Bukavu na huku kwetu. Mgonjwa anakonda, tumbo linamchoma, anakohoa. Anapewa dawa ya kutapisha. Akipona, alikuwa na karuho na dawa imeshinda. Akifa, karuho ilikuwa imekwisha kuingia ndani sana. Labo ikikosa sumu, basi ni sumu isiyoonekana na mashine za wazungu. Tafuta tokeo moja ambalo lingemfanya mganga aseme “hapa nilikosea, haikuwa karuho”. Kama halipo, tumefika hali ya nne. Mwanafalsafa Karl Popper aliliweka jambo hili wazi mwaka 1934: dai la kisayansi ni lile linalokataza kitu fulani kisitokee, hivyo kikitokea linaanguka. Dai linalokubali kila tokeo halijashinda majaribio yoyote, halijawahi kujaribiwa. Wakati huohuo vidonda vya tumbo na kifua kikuu vina dalili hizohizo, vina vipimo, na vina dawa. Maumivu ya vidonda huja na kupoa yenyewe, kwa hiyo dawa yoyote inayonywewa siku yalipozidi itaonekana imesaidia.

Lakini hata sababu ikijulikana yote, linabaki swali ambalo kipimo hakilijibu. Mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard, aliyekaa na Waazande, kabila la Afrika ya Kati, mwishoni mwa miaka ya 1920, alieleza ghala linaloanguka na kuwaponda waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawakuuliza kwa nini ghala limeanguka. Waliuliza kwa nini limeanguka saa ile watu hawa walipokaa chini yake. Uchawi ulijibu swali hilo la pili. Sayansi ina mchwa, ina saa ya joto inayowapeleka watu kivulini, kisha inasema mambo mawili yamekutana. Aliyefiwa anaweza kuona jibu hilo ni dogo mno, na hakuna jaribio litakalomlazimisha alione kubwa.

Hapo ubishi wa kilioni ungeweza kuendelea bila kumdhuru mtu, isipokuwa jibu la swali la pili mara nyingi hubeba jina: bibi kizee, mke mwenza, mtoto anayekojoa kitandani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto nchini Kongo, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Haikuhitaji kwanza kuamua kama uchawi upo. Mwendesha mashtaka hatakiwi kuthibitisha kisichoonekana wala kukikanusha. Anathibitisha shutuma iliyotamkwa, nani aliitamka, mbele ya nani na siku gani.