Cheche za gizani: ipi ya kuogopa na ipi ya kuacha

Mara ya kwanza kuuona mwanga ule nilidhani mlango una ufa. Taa nilikuwa nimezima, filamu ya 120 (ile pana ya kamera, inayoviringwa pamoja na karatasi) nimeikunjua kutoka kwenye karatasi yake nyeusi mpaka mwisho, pale iliposhikizwa kwa utepe wa gundi. Nikavuta. Mstari mwembamba wa samawati ukawaka kwenye ukingo wa gundi, ukazimika nilipoacha kuvuta. Nikavuta tena, ukawaka tena. Mlango haukuwa na kosa lolote.

Wanaoanza kusafisha filamu wenyewe huniuliza sana kuhusu mwanga huo: picha zangu zimekwisha? Huwa nawaambia kwamba gizani kuna mianga miwili, na wengi wanauogopa usiostahili.

Tuanze na wa gundi. Vitu viwili vilivyoshikamana vikiachana, elektroni za kimoja hubakia kwa mwenzake. Huyu anakuwa na chaji chanya, yule hasi, na katikati yao pana kijipengo cha hewa. Umeme ukiruka pengo hilo, naitrojeni iliyomo hewani hutoa mwanga wa samawati na zambarau, pamoja na mionzi ya urujuanimno ambayo macho hayaioni. Mfaransa Jean Picard aliliona jambo la ukoo huohuo mwaka 1675, alipokuwa amebeba barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, usiku na zebaki ikawa inameremeta kila inapochezacheza ndani ya kioo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walibandua utepe wa gundi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, wakapata eksirei za kutosha kupiga picha ya mfupa wa kidole. Usitishike, chumba chako kina hewa.

Mwanga huo unaonekana mkali kwa sababu jicho lililokaa gizani nusu saa huona hata kitu hafifu mno. Tena utepe huo uko mwanzoni mwa filamu, kabla ya picha ya kwanza. Wewe unaufikia mwisho kwa kuwa unaikunjua kinyumenyume. Ukungu, yaani weusi unaoachwa na mwanga usiotakiwa, ukiingia, kwa kawaida unaishia kwenye kipande kisicho na picha.

Cheche inayonikosesha usingizi ni ile ya filamu yenyewe, na hiyo mara nyingi huioni ikitokea. Mgongo wa filamu ni plastiki, asetati au poliesta, na plastiki haipitishi umeme. Filamu ikisuguana na filamu, au ikipita kwenye kitambaa kilichoko mdomoni mwa kasha la milimita 35, chaji inalimbikizana na haina pa kwenda. Hewa huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita, kisha inasalimu amri. Hapo cheche inapiga moja kwa moja kwenye utando wa fedha unaonasa picha, bila lenzi, na rangi yake ni samawati na urujuanimno, yaani ileile ambayo chembe za fedha huinasa hata zisipotiwa rangi ya kuzisaidia.

Niliwahi kuharibu roli nzima hivyo. Siku ya baridi kavu, hita inawaka, nimevaa sweta la sufi, nami nina haraka. Nikairudisha filamu kwenye kasha kwa kasi kama ninayekoroga uji. Nilipoitoa kwenye maji, juu ya anga la picha tano palikuwa na vijiti vyeusi vyenye matawi, kama mizizi ya mti. Kwenye picha iliyochapwa vikageuka vyeupe. Hita haikuongeza joto tu: hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, unyevu wake wa kulinganisha hushuka, na hewa kavu ndiyo inayoiacha chaji ikae.

Alama hizo huchanganywa na kasoro nyingine. Mwanga uliopenya kwenye kamera huingia kutoka ukingoni na kufifia taratibu. Mkwaruzo huwa umenyooka, nao ukiinamisha negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) chini ya taa unauona juu ya uso wake. Alama ya cheche haina kidonda juu ya uso. Iko ndani ya picha, ama yenye matawi, ama vidoa vilivyopangana.

Dawa yake kubwa ni kwenda polepole. Nyingine zote ni nyongeza, ingawa sizipuuzi: unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 50, nguo ziwe za pamba, na kabla ya kufungua kasha naligusa bomba la maji la chuma ili chaji ya mwili wangu iondoke. Watengenezaji wa filamu za sinema, zinazopita kwenye mashine kwa kasi, walizipaka kaboni nyeusi mgongoni, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuipa chaji njia ya kutokea. Sisi wengine tuna vidole.

Kuhusu utepe, siku hizi siubandui kabisa. Naupapasa kwa dole gumba mpaka nihisi unapoanzia, kisha nakata filamu kwa mkasi kando yake. Filamu ikishaingia tangini, chombo cha kusafishia kisichopenya mwanga, na kifuniko kikafungwa, siwashi taa mara moja. Nachukua ile karatasi, natafuta utepe wake, naubandua kwa nguvu zangu zote. Uwake utakavyo.