Kabla hujaja kumshtaki mbwa wako, tuambie na nyumbani kukoje

Malalamiko ya tabia za wanyama wa nyumbani yameongezeka sana siku hizi mpaka ofisi yetu inayoyapokea imeona nitoe ufafanuzi kidogo, maana tukiendelea kumjibu mmoja mmoja hatutamaliza. Anaingia mtu, hata kwenye kiti hajakaa: "Daktari, mbwa wangu amekuwa mkorofi, naomba mje mumchukue." Namuuliza ameanza lini. Ananiambia kama miezi miwili mitatu hivi. Namuuliza na hiyo miezi miwili mitatu nyumbani kumetokea nini. Hapo ndo anakaa kwenye kiti. Alafu inatoka taratibu, kazi imesimama, au mwenzake kahama, au kuna mgonjwa ndani, au kabadilishiwa zamu na siku hizi anarudi usiku wa manane na yule mbwa aliyekuwa anatembezwa kila jioni sasa anashinda amefungwa. Mbwa hajawa mkorofi bwana. Kabadilishiwa maisha akiwa mulemule kwenye nyumba ileile, na hakuna aliyemwambia.

Sisemi hivi kumlaumu mtu, wengi wanaokuja kwetu wanawapenda wanyama wao kwelikweli, kama hawawapendi wasingepanga foleni. Ila nataka tuelewane kwamba mnyama anayeishi na wewe anakusoma mchana na usiku, na mengi unayoyaona kwake yamepitia kwako kwanza.

Hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping huko Uswidi walichukua nywele za mbwa 58 na nywele za wenye mbwa hao wakapima kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa kwenye msongo. Walitumia nywele kwa sababu damu inakuonyesha hali ya saa hiyo tu, ila nywele zinatunza kumbukumbu ya miezi. Wakakuta kiwango cha mbwa kinakwenda pamoja na cha mwenye mbwa, mwenye nacho kikubwa na mbwa wake naye mara nyingi kikubwa. Na tabia ya mbwa mwenyewe, yani kama ni mwoga au mchangamfu, haikueleza sana hicho kiwango. Hulka ya mwenye mbwa ndo ilieleza zaidi. Kwahiyo watafiti wakaona uwezekano mkubwa ni kwamba mbwa ndo anamfuata binadamu na sio kinyume chake.

Sasa kuna wale wanaonijibu "lakini mimi nina mawazo yangu na mbwa sijawahi kumuonyesha." Humuonyeshi, ananusa. Mwaka 2022 huko Belfast, kwenye Chuo Kikuu cha Queen's, watu 36 walipewa hesabu ngumu za kichwani ili wapate presha kidogo, wakachukuliwa jasho na pumzi kabla na baada, alafu mbwa wanne waliofundishwa wakaambiwa wachague harufu ya baada. Walipatia karibu mara 94 katika kila 100. Mtu yuleyule, amepishana na nafsi yake kwa dakika chache tu, na mbwa anajua harufu ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada. Miaka miwili baadae watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wakaenda mbele zaidi, wakawanusisha mbwa 18 harufu ya mtu wasiyemjua aliyekuwa na stresi kisha wakawawekea bakuli mahali pasipoeleweka kama pana chakula au hapana. Mbwa walipungukiwa na hamu ya kwenda kuangalia, kama mtu aliyeamka na huzuni akaona hata akienda atakuta patupu. Hiyo ni harufu ya mtu baki. Wewe mwenye mbwa unalala naye nyumba moja.

Na paka naye, watu wanasema paka hajali. Anajali ila hana haja ya kukuonyesha. Kuna jaribio lilichapishwa 2015 ambapo paka waliwekewa feni yenye riboni zinazopepea, kitu kigeni kabisa, na asilimia 79 waliiangalia feni kisha wakamwangalia mwenyewe usoni, kama anauliza hiki kitu vipi, kabla ya kuamua.

Hapa lakini naomba tusichanganye mambo, maana najua nikimaliza kuandika kesho atakuja mtu kuniambia paka wake anakojoa kitandani kwa sababu yeye ana deni. Inawezekana. Inawezekana pia paka ana ugonjwa wa kibofu. Kwa ofisi yetu utaratibu ni maumivu kwanza, tabia baadae. Mbwa aliyeanza ghafla kung'ata akiguswa mgongoni anaweza kuwa na nyonga mbovu, paka mzee anayelia usiku kucha anaweza kuwa na tezi shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Na paka dume anayejikamua kwenye boksi la mchanga na mkojo hautoki, huyo sio wa kungojea miadi, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Alafu hata huo ugonjwa wa kibofu wenyewe kuna aina yake inayochochewa na msongo, nyumba ikiwa na kelele au wageni au ugomvi, paka anaanza kukojoa damu bila kijidudu chochote. Kwahiyo mwili na mazingira huwezi kuvitenganisha kama nguo za kufua.

Linalonichosha zaidi, niseme ukweli, ni hili la "anajua kosa lake." Kila siku. "Nikirudi namkuta ametafuna viatu, anafyata mkia, anainamisha kichwa, daktari anajua kabisa alichofanya." Hajui. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima hili jambo, mwenye mbwa anamkataza mbwa chakula kisha anatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine anaambiwa uongo. Ile sura ya hatia ilitokea zaidi pale mbwa alipogombezwa, awe amekula awe hajala, na waliogombezwa bila kosa ndo sura yao ilizidi. Yani ile sura ni jibu la uso wako wewe na sauti yako. Umeingia umeona viatu umekunja uso, mbwa kakuona kaanza kujikunja ili yaishe. Wewe ukasoma pale hatia na toba. Na anayechapwa saa kumi na mbili jioni kwa kiatu cha saa nne asubuhi anajifunza kitu kimoja tu, kwamba ukirudi nyumbani kuna hatari, alafu kesho yake anaanza kuhangaika mapema zaidi, na akihangaika anatafuna. Umeona inavyozunguka.

Vilevile paka hakulipizii kisasi. Naomba hili neno kisasi tuliache jamani.

Hayo ni ya hisia. Ya mazoea ndo yako mengi zaidi na ndo rahisi kurekebisha ila watu hawayataki kwa sababu yanawahusu wao. Mfano paka wa saa kumi alfajiri. Analia, unajifanya umelala, analia, unavuta shuka, analia, unaamka umekasirika unamwekea chakula ili ulale. Wewe unadhani umemnyamazisha kumbe umemlipa, tena umemlipa baada ya nusu saa ya kulia, umemfundisha kwamba bei ni nusu saa. Kesho ukikaza ukamwachia dakika arobaini ukashindwa, bei imepanda, atalia dakika arobaini. Wanasaikolojia walishaonyesha zamani kwamba malipo yanayokuja siku nyingine yanakuja na siku nyingine hayaji ndo yanafanya tabia ing'ang'anie kuliko yanayokuja kila siku, ndo maana watu hawatoki kwenye mashine za kamari. Sasa nyumba yenye watu watano, baba anakataza mbwa kuomba mezani, bibi anampa kipande kwa chini, unategemea nini? Mbwa hajashindwa kufundishika, amefundishwa na bibi, na bibi ni mwalimu mzuri.

Kwenye kamba ni hivyohivyo. Unamtembeza mbwa, kwa mbali unaona mbwa mwingine anakuja, unakumbuka yaliyotokea wiki iliyopita, mkono unakaza kamba bila wewe kujua, unasimama kupumua, bega linapanda. Mbwa hajaona kitu bado. Anachojua ni kwamba mtu wake kaogopa na shingo yake imebanwa, anatazama mbele anamwona yule mbwa, basi, kapata sababu. Anabweka. Wewe unasema "si niliwaambia." Mgeni akigonga geti mbwa anabweka na wewe unapiga kelele "nyamaza! nyamaza!", mbwa anaona leo tunabweka wote.

Hii ya mwili kusema bila mdomo kusema sio mpya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Berlin palikuwa na farasi anaitwa Hans, wa mwalimu Wilhelm von Osten, aliyekuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato, watu wakashangaa dunia nzima. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaja kuchunguza akakuta farasi hesabu hajui kabisa, anaangalia vichwa vya watu, akifika kwenye jibu sahihi muulizaji anatikisika kidogo mno bila kujijua na farasi anaacha kugonga. Muulizaji akiwa mwenyewe hajui jibu, farasi naye hajui. Von Osten hakuwa tapeli, aliamini mpaka mwisho. Mimi huwa namkumbuka kila ninapoambiwa "sijamfanyia kitu chochote, kaanza tu mwenyewe."

Kuhusu kupiga sitaki kubishana sana. Watafiti huko Porto, Ureno, mwaka 2020 walilinganisha mbwa 92 waliokuwa kwenye shule za mafunzo, za kutuza na za kuadhibu, na wale wa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, miayo, kujilamba midomo, kunywea, na kotisoli kwenye mate ilipanda baada ya somo. Ukimpiga aache kunguruma ataacha kunguruma, kweli. Kunguruma ilikuwa onyo. Sasa atang'ata bila onyo na utakuja kwangu useme ameng'ata ghafla.

Sasa tuje kwenye utaratibu maana hapa ndo watu wanapoteza muda wao na wetu. Ukija na malalamiko ya tabia, iwe mbwa wako au wa jirani, unajaza fomu, na fomu unaijaza yote sio jina na simu tu, kile kipengele cha ratiba ya siku ndo muhimu kuliko vyote na ndo watu wanaandika "kawaida." Kawaida sio jibu. Andika anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, nani anampa, anabaki peke yake masaa mangapi, analala wapi, na katika miezi 6 iliyopita nani ameingia au ametoka nyumbani, kazaliwa mtoto, kafa mtu, mmehama, mmejenga. Hatuulizi kwa umbea. Unakuja na kadi ya chanjo, bila kadi tunapokea malalamiko ila hatumgusi mnyama. Unakuja na daftari la wiki mbili, kila tukio na saa yake na nini kilitokea kabla yake, sio baada, kabla. Kama ni la jirani tunampa taarifa, tunamsikiliza na yeye, tunaenda kuangalia, alafu ndo linatoka onyo la maandishi lenye muda wa kurekebisha ulioandikwa humohumo kwenye barua. Muda ukipita tunarudi, na asiporekebisha linakwenda kwenye hatua za kisheria, ambapo adhabu inategemea sheria za mahali ulipo, inaweza kuwa faini, inaweza kuwa mnyama kuchukuliwa, inaweza kuwa kuzuiwa kufuga kwa kipindi fulani. Kutupigia simu kila siku hakuharakishi.

Mbwa akiwa ameng'ata mtu, hayo yote ya daftari yanasubiri. Kidonda kinaoshwa hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 kamili kwa saa, sio kumwagia tu, alafu mtu anaenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mbwa anafungiwa na kuangaliwa siku 10, hauawi, hatupwi mbali, hauzwi haraka haraka. Ukimuua na kumfukia tunakosa cha kuangalia, na aliyeng'atwa anabaki hajui. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo 10 basi wakati anang'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Kuficha mbwa aliyeng'ata ni kosa sehemu nyingi sana na huwa hatulichukulii kirahisi, hata mwenye mbwa akilia.

Na mwisho klipu za simu. Zinasaidia sana, tuleteeni. Weka simu mahali itulie, ondoka nyumbani kama unavyoondoka siku zote, bila zile kwaheri ndefu za kukumbatiana mlangoni, acha irekodi nusu saa ya kwanza kwa sababu mbwa mwenye shida ya kuachwa peke yake mara nyingi anaanza mapema. Kama ni ugomvi wa getini au kwenye kamba, sekunde 30 zinatosha, na anayerekodi amuonyeshe na aliyeshika kamba. Tunaletewa klipu nyingi za mbwa tu, mkono wa mtu umekatwa nje ya picha.